JIBU: Mume wangu aliuawa Goma, nianzie wapi?

Dada, pole sana. Umeandika mumeo aliuawa Goma mwishoni mwa Januari 2025, wakati waasi wa M23 wanauteka mji huo wa mashariki mwa Kongo. Wenzake wanasema ni risasi iliyopotea, ila simu na pesa zake hazijaonekana, nawe unataka kujua nani alimuua.

Usianze na muuaji. Anza na saa na mahali alipofia. Kaka yangu alifia huko huko siku zile, tukaambiwa kapigwa katikati ya mapigano. Usiku mmoja hapa Temeke nikaisikiliza tena sauti yake ya mwisho ya WhatsApp: nyuma palikuwa kimya, jogoo anawika, mtu anaburuta kiti. Hapakuwa na mapigano pale. Kwa hiyo sauti zote za mumeo zihifadhi leo, kwenye simu mbili.

Halafu tafuta kaburi. Wengi walizikwa harakaharaka Februari ile. Nenda Msalaba Mwekundu ufungue ombi la kutafuta ndugu, ni bure, ila kuchunguza mauaji si kazi yao. Wizara ya Mambo ya Nje waandikie barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.

Mashahidi ongea nao mmoja mmoja. Usiulize "nani?", uliza "ulisimama wapi?" Na majina yao usiyaandike popote, tafadhali, wale bado wanaishi mbele ya bunduki. Anayetaka hela kwanza ndipo aseme, achana naye. Mimi nililiwa laki nne.

Aliyemuua kaka sijampata. Kaburi nimelipata. Sauti ya mwisho ya mumeo ikikulemea, njoo faragha tuisikilize wote.