Chozi wako wa Ngezi kwenye iNaturalist

Ndugu yangu wa Wete, umeuliza kwa nini ndege aitwaye chozi uliyempiga picha msitu wa Ngezi bado hajathibitishwa kwenye iNaturalist, mtandao wa kuweka picha za viumbe ili watu wavitambue. Tazama kwanza tarehe na mahali. Kimoja kikikosekana, picha haipandi daraja la kuthibitishwa hata iwe safi vipi. Mara nyingi GPS ya simu ilikuwa imezimwa, au picha imepitia WhatsApp, ambayo huondoa taarifa hizo. Pakia ile ya asili. Kisha lazima angalau watu 2 wakubaliane jina la spishi, nawe unahesabiwa. Huna uhakika? Andika “ndege” tu, usibahatishe. Wajuzi wa ndege watamwona. Ukipakia picha ya mkarafuu wa shamba, utie alama kuwa umepandwa, wengi husahau. Msituni bila mtandao piga tu, utapakia nyumbani.