Maswali ya mbio za baiskeli: fremu mwisho, kundi kwanza

*Baiskeli yangu ni ya chuma, kilo 10. Nikipata ya kaboni nitafanya vizuri mbio zangu za kwanza?*

Jamani, hili swali mbona haliishi. UCI yenyewe, shirikisho la baiskeli duniani, hairuhusu baiskeli chini ya kilo 6.8 kwenye mbio za barabarani, sasa wewe ambaye hujawahi kukaa katikati ya kundi unahangaikia uzito wa nini? Kwenye tambarare kinachokula nguvu ni upepo, ukijibana vizuri nyuma ya mwenzako unaokoa kama theluthi ya nguvu hivi, na hakuna fremu itakayokupa hiyo. Weka hela yako kwenye tairi nzuri na breki.

*Wa mbele alihama ghafla akanigusa, nikaanguka, yeye akaendelea zake. Nimshtaki kwa waandaaji?*

Pole sana ndugu, ila gurudumu lako la mbele lilikuwa limeshapita la kwake la nyuma, ndiyo maana mkagusana. Na kwenye kugusana hivyo anayeanguka karibu kila mara ni wa nyuma, kwa sababu balansi unaipata kwa kucheza na usukani kidogo kidogo, sasa gurudumu la mbele likishabanwa usukani haugeuki, uko chini, na walio nyuma yako wanakupanda. Yule wa mbele pengine alikuwa anakwepa shimo tu. Usiingize gurudumu pale hata siku moja. Macho yasigande kwenye tairi lake, angalia mabega yake na mbele zaidi, vidole viwe kwenye breki lakini usizikamate kwa nguvu, ukiona unamkaribia acha kukanyaga, inua kifua upepo ukupunguze. Anza mazoezi na watu wawili watatu, sio siku ya mbio na watu mia.

*Asubuhi ya mbio nile nini?*

Ulichozoea, masaa matatu hivi kabla ya kuanza. Jeli ya kuongeza nguvu uliyopewa jana usiijaribu leo.

*Naongoza kundi karibu njia nzima, mwisho wananipita wote. Nina pumzi ndogo?*

Pumzi unayo, umeitumia kuwavuta wao. Ukimaliza zamu yako mbele sogea pembeni taratibu, rudi nyuma, na wao wafanye kazi.

*Helmeti ina joto, naweza kuivua mlimani?*

Hapana! Machi 2003 mwendesha baiskeli Andrei Kivilev alianguka kwenye mbio za Paris–Nice kule Ufaransa bila helmeti, akafariki, na mwaka huohuo UCI ikaifanya lazima. Mwanzoni waliruhusu kuivua kwenye mlima wa mwisho, baadaye hata hiyo ikafutwa. Na nyie mnaoivaa kamba ikining'inia mnajidanganya, mkianguka inaruka kabla kichwa hakijafika chini.

*Kukalia bomba la fremu mteremkoni kama nilivyoona kwenye tivii, kunaongeza spidi kweli?*

Kunaongeza, na UCI imepiga marufuku mkao huo tangu 2021. Kalia siti.