Kisa kilichozoeleka si sababu ya kuuacha mswada

Mwenzetu anauliza kama auache mswada wake wa ndugu wawili wanaogombea urithi wa baba yao, kwa kuwa amegundua kwamba kisa hicho kimekwisha kuandikwa mara nyingi. Kwa maoni yangu, asiuache. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiipitia miswada ya waandishi chipukizi, na katika ile iliyonishinda kuimaliza ni nadra tatizo kuwa kisa kilichozoeleka. Mara nyingi nilikwama kwa sababu nilifika sura ya tatu bila kujali ni nini kingempata mhusika yeyote.

Tukichukue kisa chake hichohicho, na tuseme kaka mkubwa anauficha wosia. Akiuficha kwa tamaa tu, yeye ni mhusika bapa, na msomaji anayajua mapema yote atakayoyatenda. Lakini je, akiuficha kwa sababu marehemu ameandika humo kwamba mdogo wake si mwanawe wa kumzaa, naye yu radhi kuitwa mwizi na ukoo mzima kuliko kumwona mdogo huyo akiaibishwa? Tukio ni lilelile, ila sasa kila ugomvi wao una uzito, kwa maana anayetukanwa ndiye anayemlinda anayemtukana. Hapo usimulizi nao unadai haki yake. Siri hiyo ikifichuliwa mwishoni, msomaji atashtuka mara moja tu. Akiijua tangu mwanzo, huku mdogo mtu haijui, atazisoma sura zote kwa wasiwasi, hata akizirudia. Mimi ningeichagua njia hii ya pili, ingawa wapo wanaopenda kushtukizwa.

Watunzi wakubwa hawakuona haya kuazima visa. Shakespeare alikitoa kisa cha Romeo na Juliet katika shairi refu la Arthur Brooke lililochapishwa mwaka 1562, ambalo nalo lilitokana na masimulizi ya Kiitalia. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969, aliandika juu ya Vita vya Maji Maji, ambavyo wasomaji wake walikwisha kujua vilivyomalizika. Kinachotushika ni Kinjeketile mwenyewe, mtu anayeingiwa na shaka kuhusu maji ya kujikinga na risasi, ambayo wengine wameyaamini kwa sababu yake, na ambaye hata akiwa mfungwa anakataa kutamka kwamba yalikuwa uongo.

Hadithi za upelelezi, nakiri, hudai fumbo jipya kuliko nyingine, lakini hata humo wasomaji humfuata mpelelezi yuleyule kitabu baada ya kitabu.

Kabla ya kufuta chochote, basi, mwenzetu aamue ni ndugu yupi atakayesimulia. Akisimulia mdogo, siri itafichika kwa urahisi, lakini kaka ataonekana kwa nje tu. Akisimulia kaka, mwandishi hataweza kuificha bila kumhadaa msomaji, na itambidi aibebe hadithi nzima kwa nguvu ya moyo wa mtu mmoja.