Kukaa nangani wiki tatu: maji na betri

Ndugu, nimekuelewa: karantini imewazuia kushuka, mko wawili kwenye jahazi, tangi ni la lita 300, na kila asubuhi betri ziko hoi.

Anza na maji. Leo hii toa lita 40 uziweke kwenye madumu yaliyofungwa, kando na tangi, maana pampu ikivuja usiku maji yote ya tangi huishia ngamani, yaani chini kabisa ndani ya chombo. Zinazobaki zinawapa takriban lita 12 kwa siku: sita kwa kila mtu, tatu kati yake za kunywa. Zima pampu ya umeme, chota kwa kikombe. Vyombo osheni kwa maji ya chumvi, suuzeni kwa maji kidogo ya tangi. Ila mkiwa karibu na bandari msithubutu, maji ya bahari hapo ni machafu.

Betri za asidi zisishuke chini ya nusu ya chaji. Zipime alfajiri kabla jua halijapiga paneli: volti 12.2 ndiyo mpaka. Mlaji mkubwa ni friji, basi izimeni usiku na msiifungue hovyo. Kamba ikitupa kivuli chembamba tu juu ya paneli, umeme hupungua sana, kwa hiyo sogezeni boriti ya tanga na kamba zake pembeni.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutulia ngamani. Fungeni valvu ya mtungi kila mkimaliza kupika.

Homa ikija na pumzi ikawa fupi, msingoje kukuche: iteni msaada kwa redio ya baharini (VHF), chaneli 16.