Shule zinafunguliwa wiki mbili zijazo: anza na usingizi na miguu, madaftari yatafuata

Dada yangu, nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Umesema zimebaki wiki mbili, una watoto watatu, mdogo anaingia darasa la kwanza, wa kati yuko la nne, na mkubwa ametimiza miaka 13. Mwaka jana siku ya kufungua iliishia kwa makelele na machozi, ukafika kazini umechelewa, na sasa unauliza uanzie wapi ili yasijirudie.

Mimi ni baba wa watatu. Mke wangu anafanya kazi ya zamu, asubuhi nyingi hayupo, kwa hiyo pilikapilika hizo ni zangu, huu ni mwaka wa saba. Nitakueleza yaliyotusaidia, na nitakaa zaidi kwenye yale niliyochelewa kuyajua.

Wengi watakwambia uanze na orodha ya vifaa. Vifaa vyote unaweza kuvipata ndani ya siku moja ukijipanga. Usingizi hauwezi. Likizo nzima watoto wamelala wanapotaka na kuamka wanapotaka, na mwili umeshazoea. Ukimwamsha ghafla saa 12 asubuhi mtoto aliyezoea kuamka saa 2, mwilini mwake bado ni usiku. Hasikii unachomwambia, analia kwa sababu ya soksi, na wewe unadhani amekuwa mkaidi.

Mwaka 2016 madaktari bingwa wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala masaa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 masaa 8 hadi 10. Chukua muda wa kuamka, hesabu kurudi nyuma. Wa darasa la kwanza akiamka saa 12 asubuhi na akawa amelala saa 2 usiku, anapata masaa 10. Kama kwa sasa analala saa 4 usiku, una masaa mawili ya kurudisha. Mrudishe dakika 20 kila baada ya siku mbili: ni hatua 6, siku 12. Ndiyo maana nasema anza leo, hesabu inatosha kwa shida.

Sisi tulikuwa tunakosea kwa kuanza na muda wa kulala. Unamlaza mtoto mapema, usingizi hana, anageukageuka kitandani, wewe unapanda hasira. Anza na kumwamsha. Mwamshe dakika 20 kabla ya muda aliozoea, fungua mapazia, mtoe nje au mkalishe dirishani apate mwanga. Mwanga wa asubuhi ndio unaoiambia saa ya mwili kwamba siku imeanza, na usiku wake usingizi unakuja mapema wenyewe. Simu na televisheni zizimwe saa moja kabla ya kulala. Hapo kwangu kulikuwa na ugomvi siku tatu, siku ya nne ukaisha.

Huyo wako wa miaka 13 ni habari nyingine, na naomba umwonee huruma. Mtoto anapobalehe, homoni ya usingizi huanza kutolewa usiku zaidi kuliko alipokuwa mdogo. Asipopata usingizi saa 3 usiku si uvivu wala kiburi. Mimi nilimsema sana mkubwa wangu kwa jambo hili kabla sijaelewa, na baadaye nilimwomba msamaha. Kinachosaidia ni simu ilale sebuleni, na mwishoni mwa wiki asilale hadi adhuhuri. Akizidisha saa moja hivi inatosha, akizidisha manne Jumatatu mnaanza upya.

Sasa viatu. Hapa nitakusimulia jambo ambalo sijalisahau.

Miaka minne iliyopita nilimnunulia binti yangu viatu mwanzoni mwa likizo. Tulikwenda asubuhi, akajaribu akiwa amekaa, vikamtosha, nikaviweka ndani ya boksi juu ya kabati visichafuke. Siku ya kufungua shule, saa 12 na nusu, amekaa kwenye ngazi ya mlangoni, mguu umeingia nusu. Nikamwambia sukuma. Akasukuma. Nikachukua mpini wa kijiko nikautia nyuma ya kisigino, mguu ukaingia. Akasimama, akachukua begi, tukaondoka. Jioni nilipomvua soksi nikakuta vidole vimejikunja na kile kidogo kina lengelenge limepasuka, soksi imegandia hapo. Nikamuuliza, mama, mbona hukusema? Akanijibu, "Baba ulikuwa na haraka."

Tangu siku hiyo, kila ninachopanga kwa ajili ya shule najiuliza kama kinapunguza haraka. Mtoto anayemwona mzazi wake anakimbizana na saa hasemi kwamba kiatu kinabana, hasemi kwamba kuna mtoto anamsumbua, hasemi kwamba tumbo linauma. Anameza, anatembea.

Kwa hiyo pima viatu jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kinachotosha asubuhi kinaweza kubana alasiri. Mtoto awe amesimama, amevaa soksi zile zile za shule. Pima miguu yote miwili kwa sababu mara nyingi haifanani, ufuate ule mrefu. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako. Usibonyeze tu kiatu juu, watoto wana tabia ya kukunja vidole unapobonyeza. Toa soli ya ndani kama inatoka, mwambie aisimamie sakafuni, utaona kwa macho vidole vinafika wapi. Na kama vilivyokwisha nunuliwa viko kwenye boksi, vitoe, avivae ndani ya nyumba nusu saa kila siku, vilainike.

Begi nalo ni haraka ya namna yake, maana mtoto anayebeba kila kitu ni mtoto ambaye hakupewa muda wa kupanga. Kipimo ninachofuata ni kwamba uzito wa begi usizidi sehemu 1 ya 10 ya uzito wa mtoto. Mtoto wa kilo 20, begi lisizidi kilo 2, pamoja na chupa ya maji. Panda naye kwenye mizani akiwa amelibeba, kisha bila begi, toa. Mimi nilipofanya hivyo kwa wa kati nilikuta kilo 4 na ushee, ndani mna vitabu vya wiki nzima na mawe aliyookota. Vitabu vizito vikae upande wa mgongoni, mikanda yote miwili ivaliwe na ikazwe begi lisining'inie chini ya kiuno.

Jina andika kwenye kila kitu, kuanzia sweta hadi kifuniko cha chupa, kwa kalamu isiyofutika. Ila jina la mtoto liwe ndani ya begi. Likiwa kubwa nje, mtu asiyemjua anaweza kumwita kwa jina njiani, na mtoto mdogo akiitwa jina lake anaamini kwamba anajulikana.

Vifaa vingine sitavisemea sana. Mwageni sakafuni vyote vilivyobaki mwaka jana, mjaribu kalamu moja moja, mhesabu madaftari yenye kurasa safi, halafu ndipo mnunue pengo. Wape watoto wenyewe kazi hiyo. Vitu ambavyo mwalimu wa darasa hajavitaja, subirini wiki ya kwanza ipite. Fomu ndizo zisisubiri: namba za simu za dharura, nani anaruhusiwa kumchukua mtoto, ugonjwa au mzio alio nao. Mwaka mmoja niligundua namba ya dharura iliyokuwa shuleni ilikuwa ya simu niliyoacha kuitumia zamani. Hiyo ilinikosesha usingizi.

Jambo moja la macho, kwa huyo wa la nne hasa. Kama anaisogelea sana televisheni, anafinya macho, anainamisha kichwa upande mmoja akisoma, mpeleke akapimwe kabla ya kufungua. Mtoto ambaye haoni vizuri hajui kwamba wenzake wanaona kuliko yeye, kwa hiyo hatakwambia.

Halafu fanyeni jaribio. Siku tatu au nne kabla, amkeni kama ni siku ya shule, vaeni, kuleni, mtoke hadi getini, na uandike dakika. Mimi nilikuwa na uhakika tunahitaji dakika 40. Zilikuja 68. Nilipoangalia karatasi nikakuta dakika 14 zilikwenda kwenye kutafuta tu: soksi ya pili, kitana, kifuniko cha chupa. Kuvaa kwenyewe hakukuwa tatizo kabisa. Siku hizi kutafuta kunafanyika usiku. Baada ya chakula cha jioni kila mtoto anapanga nguo zake kwenye kiti kuanzia ya ndani hadi soksi, viatu vinakaa mlangoni, begi limefungwa limeegemea viatu. Mimi napita kukagua, sipangi.

Kwa mdogo ambaye bado hasomi, nilichora picha tano kwenye karatasi, mswaki, nguo, sahani, viatu, begi, nikaibandika usawa wa macho yake. Hii ilinipunguzia kelele kuliko kitu kingine chochote. Mtoto wa miaka 6 ukimwambia kwa mpigo kavae, kapige mswaki, lete begi, la kwanza ameshalisahau kabla hujamaliza la tatu. Akisimama mbele ya picha anajiuliza mwenyewe kinachofuata, na sauti yangu inabaki kwa ajili ya salamu.

Getini. Umesema mwaka jana wa kati alikushika nguo ukashindwa kuondoka, na unaogopa mdogo atafanya hivyo. Huenda akafanya, dada yangu, na si dalili kwamba umemlea vibaya. Nilichojifunza ni kuaga kwa ufupi na kwa namna ile ile kila siku. Sisi tunagusanisha viganja, namwambia nitakapokuja, tunaachana. Usimwambie "saa 8", hana saa. Mwambie "mkishakula, mkicheza, mkasikiliza hadithi, mimi nitakuwa hapa," kisha hakikisha upo. Kujitoa kimyakimya wakati ameangalia pembeni kunarahisisha siku hiyo moja, lakini kesho yake hakuachii mkono kwa sababu amejua unaweza kutoweka. Na ukirudi mara ya pili na ya tatu kumbembeleza, machozi yanarefuka. Mwachie mwalimu. Mimi niliwahi kujificha nyuma ya ukuta nikisikiliza, moyo unanienda mbio, na kilio kilikatika kabla sijafika hata kuhesabu mia mbili.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi sana, na ndilo lililonichanganya mwaka wa kwanza. Mtoto anarudi, mwalimu anasema alikuwa mzuri siku nzima, mkifika nyumbani analipuka kwa sababu kikombe alichopewa ni cha kijani na yeye alitaka cha buluu. Nilidhani ananidharau. Kumbe amejizuia kutwa nzima, amekaa, amenyamaza, amesubiri zamu, na nyumbani ndipo mahali anapoweza kujiachia. Siku hizi nusu saa ya kwanza sina maswali. Maji, chakula kidogo, avue viatu, alale sakafuni kama anataka. "Shule ilikuwaje?" inaleta "nzuri" basi. Nikikaa kimya karibu yake akichezea kitu, habari zinakuja zenyewe, mara nyingi usiku wakati naizima taa.

Wiki za mwanzo watapata mafua, jiandae na uzungumze kazini mapema. Watoto wengi wamekutana na kila mmoja ametoka na virusi vya kwao. Kunawa mikono kwa sabuni sekunde 20 wakiingia nyumbani kunapunguza, hakumalizi.

Na wewe mwenyewe: amka nusu saa kabla yao. Najua umechoka, na najua wapo watakaokwambia ulale kadiri unavyoweza. Lakini nimejaribu njia zote mbili kwa miaka. Nikiwa nimeshaoga na kuvaa kabla ya mtoto wa kwanza kufungua macho, mikono yangu iko huru, na mtoto akisema kitu nasimama nikamsikiliza. Nikiamka pamoja nao, ninakuwa mtu wa nne anayetafuta soksi.

Usijaribu yote kwa pamoja. Kesho asubuhi waamshe dakika 20 mapema. Leo jioni, wakishaoga, wasimamishe watatu wote sakafuni na viatu vyao vya shule, anza na mdogo, na uwaulize mmoja mmoja kinabana wapi. Kisha urudi hapa unieleze ulichokuta, hasa kwa huyo wa kati, maana wa kati ndiye anayevaa vya mkubwa na ndiye asiyesema.