Breki za Trela Zinazokuja na Kuondoka: Kabla Hujanunua Kontrola, Nisikilize

Jumapili usiku nimepata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Des Moines. Ameingia kwenye kazi yetu hii ya kubeba magari: pikapu ya mkopo, trela ya mtumba ya ekseli mbili, na moto wa kuanza. "Kaka, kioo cha kontrola ya breki za trela kinaniandikia trela haijaunganishwa. Nikipita kwenye shimo kinarudi sawa. Mvua ikinyesha ndiyo balaa. Ninunue kontrola mpya?"

Nilicheka, halafu kicheko kikakata. Swali hilohilo mimi niliwahi kulijibu kwa dola 640.

Kwa mnaosoma mkiwa nyumbani: malori makubwa mnayoyaona pale Chalinze breki zake ni za upepo. Trela zetu huku Marekani, hizi za kuvutwa na pikapu, nyingi ni za umeme. Ndani ya gari kuna kontrola. Ukikanyaga breki, inapeleka umeme kwa waya hadi kwenye sumaku iliyo ndani ya kila dramu. Sumaku inang'ang'ania dramu inayozunguka, inavuta mkono wa chuma, mkono unasukuma viatu vya breki. Umeme usipofika, huna breki. Kila sumaku ya trela ya saizi yangu inakula ampea 3 hadi 4, kwa hiyo magurudumu manne yanataka kama 15. Shika hiyo namba, nitairudia.

Yangu yalinikuta Februari. Nilitoka Columbus, Ohio, na minivan mgongoni, naenda Charlotte. Nikalipia barabara ya West Virginia, nikapita handaki la East River Mountain nikaingia Virginia, kila kitu shwari. Kisha I-77 ikafika Fancy Gap, pale mlima unapoanza kushuka kuelekea North Carolina. Nakanyaga breki, nasikia trela inanisukuma kiunoni kama mtu aliye nyuma yangu kwenye foleni ya daladala. Nikatupa jicho kwenye kioo: trela haijaunganishwa. Nikarudisha gia chini, nikawasha taa za hatari, nikashuka polepole huku malori yakinipigia honi. Katikati ya mteremko ujumbe ukafutika wenyewe, breki zikashika kwa mshtuko hadi minivan ikacheza kwenye minyororo.

Halafu safari nne hakuna kitu. Hapo ndipo ugonjwa huu unapokudanganya, unadhani umepona.

Uliporudi nilikwenda gereji moja, siitaji. Jamaa alichomeka kifaa chake, hakuinama hata mara moja kutazama chini ya trela, akasema kontrola imekufa. Mpya pamoja na ufundi, dola 640. Baada ya siku tisa ujumbe uleule. Nikarudi, akaniambia "watu kama nyinyi" tunanunua trela za bei rahisi kisha tunalalamika. Nilielewa watu kama sisi ni akina nani. Sikumjibu, na mpaka leo nikioga nafikiria majibu ambayo ningempa. Wiki hiyo nilichelewesha mizigo miwili, na yadi ya magari iliyokuwa inanipigia kila Jumatatu kunipa kazi ikaacha kupiga.

Basi nikaamua kulala chini mwenyewe. Mke wangu ndani ya gari anabana ule mkono mdogo wa kontrola kwa vidole, mimi nje na mita ya kupimia volti. Kwenye plagi, volti 12 na ushee. Kwenye gurudumu la nyuma, 12 na ushee. Kila nilipogusa, 12. Nikaanza kuamini kwamba nimerogwa.

Aliyenitoa ni mzee mmoja Mkenya tunayesali naye, aliyetengeneza mabasi Nairobi kabla hajaja huku. Alitazama mita yangu akaniambia, "Mwanangu, mita haili umeme. Weka kitu kinachokula." Akatoa mfukoni balbu ya taa kubwa ya gari, imefungwa nyaya mbili. Waya ukiwa umekatika wote umebaki uzi mmoja, mita itakusomea volti kamili, kwa sababu yenyewe haivuti chochote. Sumaku zinataka ampea 15 na uzi mmoja hauwezi kuzibeba. Tukaweka balbu kwenye plagi upande wa pikapu: inawaka mpaka inachoma macho. Tukaiweka kwenye gurudumu la nyuma: inawaka kama mshumaa, na nikitikisa waya inazimika.

Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona fundi yeyote akifanya. Tuliweka kabari kwenye magurudumu, tukainua shingo ya trela kwa jeki hadi ikaachana na ile tufe ya chuma ya kuvutia, plagi tukaiacha imechomekwa. Taa za trela zikafifia, breki zikafa kabisa. Maana yake ethi ya trela yangu, ule waya mweupe wa kurudisha umeme, ilikuwa haifanyi kazi. Umeme ulikuwa unarudi garini kupitia ile tufe, chuma kwa chuma. Ukienda sawa barabara nyoofu unapita. Ukipiga shimo au ukikata kona, chuma kinaachana kidogo na breki zinakwenda. Tuliufuata waya mweupe tukakuta umefungwa kwenye fremu kwa skrubu moja, juu ya rangi, na chumvi wanayomwaga barabarani Ohio wakati wa theluji imeila hadi imekuwa kama biskuti.

Ndugu zangu, anzeni na ethi. Nasema tena, ethi.

Lakini haikuishia hapo. Mzee aliomba dira, tukachukua ile ya plastiki ya mwanangu. Unaisogeza karibu na dramu, mtu anabana breki, sindano inaruka kwa sababu sumaku imeamka. Magurudumu matatu iliruka. La nyuma kushoto, kimya. Waya wake ulikuwa unapita ndani ya bomba la ekseli kutoka upande wa kulia, na mle ndani umesuguana na ukingo wa tundu mpaka ngozi yake imekwisha. Tukaacha wa ndani, tukapitisha mpya nje ya ekseli ndani ya bomba la plastiki. Ethi tukaipeleka mpaka kwenye plagi, maungio tukayabana na kuyafunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Siyo tepu. Vifaa vyote, dola 38.

Kuhusu plagi yenyewe sina mengi: ukiona ukijani, safisha kwa dawa ya spreyi, paka grisi ya umeme. Rangi za nyaya kwa kawaida bluu ni breki, nyeupe ni ethi, nyeusi ni chaji ya betri, ila trela ya mtumba usiiamini rangi. Yangu ilikuwa na kipande cha waya wa taa za nyumbani katikati. Kuna pia kile kipini cha dharura: trela ikikatika kutoka kwenye gari kinachomoka, na breki zinabana kwa umeme wa kiboksi cha betri kilicho kwenye trela yenyewe. Sheria ya huku inataka breki hizo zishike angalau dakika 15. Chomoa kwanza plagi ya gari, ndipo uvute kipini na ujaribu kuisogeza trela. Magurudumu yakishika vizuri, tatizo lako huenda liko kati ya gari na kile kiboksi cha betri, hutakuwa na haja ya kuvua matairi siku hiyo. Kirudishe upesi, usiunguze sumaku.

Na hapa niwaseme kidogo. Tunapiga picha pikapu inang'aa tunatuma nyumbani, lakini mtu ukimuuliza waya wake wa ethi umefungwa wapi anakutazama kama umemuuliza mahari. Mimi nilikuwa hivyohivyo. Nilimlipa mtu asiyeinama kwa sababu niliona aibu kuinama mwenyewe mbele ya majirani. Nunua balbu. Lala chini. Chafuka.

Kijana wa Des Moines amenirudia jana na video: skrubu ya ethi imeoza vilevile kama yangu, amebadilisha, ujumbe umepungua. Umepungua, haujaisha. Bado anauliza kuhusu kontrola. Nimemuuliza kama waya wake wa breki unapita ndani ya ekseli. Amejibu ataangalia Jumamosi, kwamba kuna baridi.