Saa za tiketi na kilomita za angani

SWALI: Wahariri, salamu. Mwezi wa nane natoka Lubumbashi kwenda Lisbon, nikipitia Brussels. Tiketi ya Brussels–Lisbon inasema kuondoka 10:00, kufika 11:50. Ya kurudi ni 12:50 hadi 16:30. Iweje njia ile ile iwe saa moja na dakika 50 kwenda, na saa tatu na dakika 40 kurudi? Ni kilomita ngapi? Tiketi ya kunifikisha Brussels niliinunua kando, na ndege hiyo inatua 06:30. Nitawahi?
Msomaji wa Katuba

JIBU: Kila saa kwenye tiketi ni ya mji wake, na Lisbon iko nyuma ya Brussels kwa saa moja. Ni kama kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, kwenda N'djili, ule wa Kinshasa. Tena mwezi wa nane inalingana kabisa: Brussels inafuata saa ya Lubumbashi, Lisbon saa ya Kinshasa. (Jumapili ya mwisho ya Oktoba Ulaya hurudisha saa nyuma, na hapo ni Brussels inayolingana na Kinshasa.) Basi kwenda, ongeza saa moja: 2:50. Kurudi, punguza moja: 2:40. Zile dakika kumi ni upepo wa juu, ambao huko huvuma zaidi kutoka magharibi. Unapokwenda unakupinga, unaporudi unakusukuma.

Umbali kwa mstari wa angani ni kama km 1,718. Lubumbashi–Kinshasa ni kama 1,550. Ukigawanya kwa mwendo wa km 830 kwa saa utapata saa mbili na kidogo tu. Lakini ratiba huhesabu tangu ndege inapoachia maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho mengine. Humo mna kutambaa hadi njia ya kurukia, kupanda na kushuka kwa mwendo mdogo, na kona za njia za anga.

Kuwahi ndiko kunakotaka hesabu kali. Kwa kuwa tiketi ni mbili, mzigo kwa kawaida hauhamishwi: utapita ukaguzi wa pasipoti, utachukua sanduku, utalisajili upya. Kaunta za mizigo mara nyingi hufungwa dakika 40 hadi 60 kabla ya kuondoka, basi 10:00 yako isome kama 09:00. Saa mbili na nusu zinatosha, ila ndege ya kwanza ikichelewa saa moja na nusu uko hatarini, na kampuni ya pili haidaiwi kitu. Kama bado inabadilishika, chukua ya mchana.

Ukaguzi wa kuingia Schengen (eneo la nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja wa nje) unafanyika Brussels, si Lisbon. Bima, tiketi ya kurudi na anwani ya mwenyeji viwe mkononi, visiwe ndani ya sanduku.

Angalia pia kilo. Safari ndefu huenda inakuruhusu masanduku mawili ya kilo 23, huku tiketi ya bei ndogo ya Lisbon ikiruhusu mkoba wa mkononi peke yake. Lipia sanduku mapema kwenye intaneti. Kaunta huwa ghali zaidi.